Waliojua njia: Henson wa barafuni na Bombay wa Ugogo

Leo tunawaenzi mashujaa wa ncha za dunia, kwenye barafu. Roald Amundsen wa Norway alifika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911. Kwa upande wa kaskazini, Mmarekani Robert Peary alitangaza kuwa amefika mwaka 1909, ingawa wataalamu wanabishana hadi leo. Pamoja naye walikuwepo Wainuiti wanne, wenyeji wa huko, na Matthew Henson, Mmarekani mweusi, fundi hodari wa kuendesha mbwa wa kukokota mizigo, aliyezungumza Kiinuiti vizuri. Sifa zilimwendea Peary. Henson akaishia kazi ya ofisini katika forodha ya New York, na medali ya Bunge la Marekani ikamfikia mwaka 1944.

Sisi wa Ugogo, huku Dodoma, tuna Henson wetu: Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarejea Zanzibar. Kuanzia mwaka 1857 alisafiri na wapelelezi wa Kizungu: Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, na mwisho Cameron, aliyevuka naye Afrika hadi pwani ya Angola mwaka 1875.

Misafara hiyo ilipita hapa kwetu. Baada ya Mpwapwa ilianza Marenga Mkali, nyika kavu ambayo wapagazi waliivuka wakitegemea maji ya vibuyuni. Ng'ambo yake walikuwepo watemi wa Kigogo, wenye visima, wakidai hongo, yaani ushuru wa kupita, ya vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga na waya. Wazungu waliandika kwa hasira kuhusu hongo hiyo. Mimi naona ilikuwa haki: maji ya nchi kame yana mwenyewe, na anayeyataka huzungumza na mwenyewe. Mazungumzo hayo yalihitaji mtu mwenye subira na lugha, na Bombay alikuwa miongoni mwa waliotumwa. Mbele zaidi, kwenye pori la Mgunda Mkali, njaa na mvua zilimpotezea Speke wapagazi wengi. Bombay hakukimbia.

Chama cha Kijiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Walimu wa Mpwapwa, Bahi na Manyoni, mnapofundisha habari za Speke na Stanley, liandikeni jina la Bombay ubaoni, mstari mmoja na majina yao.