Muuguzi Naye Apewe Pole
Hotuba ya mgeni rasmi, Siku ya Wauguzi, Nyeri

Mvua ya Mei hapa Nyeri haibishi hodi, kwa hivyo sitawaweka sana.

Kila tarehe 12 Mei tunamkumbuka Florence Nightingale na kuisifu taa yake. Yaliyofuata hatuyasimulii. Aliporudi Uingereza kutoka vita vya Crimea mwaka 1856 alikuwa amechoka na maradhi yamemwingia. Miaka mingi aliishi chumbani, mara nyingi kitandani, na maandishi yake mengi aliyaandika humo humo. Mama wa kazi yenu alikuwa mtu aliyehitaji kuuguzwa. Natamani wanafunzi waambiwe hivyo kabla hata ya kukabidhiwa sare.

Uchovu ninaousema si ule unaoisha ukilala. Shirika la Afya Duniani lilipoueleza mwaka 2019 halikuuita ugonjwa. Lilisema hutokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Nguvu zinaisha, moyo unaikimbia kazi, na mtu anaona hata anachokifanya hakifai kitu. Mkunga aliyekuwa akimwita kila mzazi "mami" anaanza kumwita kwa nambari ya kitanda. Huyo hajawa mtu mbaya. Ameishiwa.

Nyeri inaujua mzigo huu. Desemba 2018, serikali ilipoanza majaribio ya afya kwa wote, kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa nne zilizochaguliwa, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo. Sisi tulichaguliwa kwa wingi wa magonjwa kama kisukari na shinikizo la damu, ambayo muuguzi hamalizani nayo. Mgonjwa ni yule yule, mwezi baada ya mwezi. Ada zilipoondolewa, foleni zikarefuka.

Na zamu ikiisha, kazi haijaisha. Kuna ng'ombe wa kukamuliwa, majani chai ya kuchumwa Othaya, mkopo wa sacco, karo. Huku kwetu Mlima Kenya, ukionekana umelala saa nne asubuhi, watu watauliza kama wewe ni mgonjwa au ni mvivu. Muuguzi aliyekesha wodini anaamshwa na jirani anayetaka kupimwa presha!

Tangu mwaka 2003 mwanasaikolojia Kristin Neff, wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, amekuwa akiandika kuhusu kujihurumia. Kwake ni kusema na nafsi yako kwa upole, kukumbuka kwamba kila binadamu huumia na hushindwa, na kuyatazama maumivu yako bila kuyaficha wala kuyakuza. Wazee wetu watasema huko ni kudeka. Nadhani wamekosea. Anayedeka hukwepa kazi, na muuguzi ninayemsema hajawahi kukwepa. Shida yake ni kwamba akifiwa na mgonjwa saa tisa usiku anajihukumu bila kusikiliza shahidi. Angekuwa ni mwenzake aliyepatwa, angemshika mkono, amwambie pole, ulifanya ulichoweza, twende tunywe chai. Maneno anayo. Kuna mtu mmoja tu anayemnyima.

Kunawa mikono vizuri kwa sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Zitumieni hizo. Maji yakitiririka, shusha pumzi polepole, ukiri kimoyomoyo kwamba hili limekuuma, kisha ujiambie ambalo ungemwambia mwanafunzi wako. Kama kosa lilikuwepo, liandikwe kwenye ripoti na watu wajifunze. Kujihurumia hakulifuti, kunakupa nguvu za kulikabili. Na katika vile vyama vyenu vya kuchangiana kila mwezi, tengeni nusu saa watu waseme kilichowachosha, bila yeyote kukimbilia kutoa ushauri.

Wakuu wa hospitali wasipige makofi mapema. Muuguzi akiachiwa wodi nzima peke yake usiku, hakuna maneno matamu yatakayoziba pengo hilo. Dawa yake ni kuajiri, na likizo isiyoombwa kwa kupiga magoti. Atakayewapa wauguzi semina ya kujihurumia badala ya mtu wa pili zamuni, huyo amewadhihaki.

Anayeona usingizi umemkataa wiki baada ya wiki, au maisha yamekosa maana, amwone daktari. Najua kinachotuzuia. Mwambie mtu wa Nairobi kwamba unaenda Mathari, uone atakavyokukodolea macho, maana kwao Mathari ni hospitali ya wagonjwa wa akili, ilhali hapa kwetu Mathari ni hospitali ya misheni tunakopeleka watoto wenye homa. Sheria nayo ilikuwa ikitisha, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba. Kama sheria imelegeza mkono kwa aliyefika huko, muuguzi asiogope kusema mapema kwamba amelemewa.

Waajiri, nawaomba mtoe ratiba za zamu mapema, na mkishazitoa mzifuate. Majirani, aliyetoka zamu ya usiku mwacheni alale. Presha yenu itapimwa zahanatini.