Dawa Hujulikana kwa Kupimwa

(Mazungumzo na wanakisomo wa Lukuledi, Wilaya ya Masasi)



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona aibu. Ugonjwa hauna aibu. Basi tuzungumze kama watu wazima.

Siku moja baada ya darasa mama mmoja alibaki nyuma. Akaniambia, "Mwalimu, mume wangu hukaa safarini miezi mingi. Akirudi, nikitaja kondomu ananiuliza kama simwamini. Je, hakuna dawa ninayoweza kutumia mimi mwenyewe, nikajikinga na UKIMWI?"

Swali hilo ni kubwa. Kondomu ya kiume huvaliwa na mwanamume. Yeye akikataa, mke hubaki bila kinga. Ndiyo sababu wataalamu walianza kutafuta dawa ya kutia ukeni kabla ya kujamiiana, ili izuie virusi. Dawa hiyo ni laini na huteleza. Huitwa jeli.

Mwanzoni walijaribu dawa iitwayo nonoksinoli-9. Kwenye chupa za maabara iliua virusi. Ikajaribiwa kwa wanawake wa Benin, Ivory Coast, Afrika Kusini na Thailand. Mwaka 2000 matokeo yakatoka: waliotumia mara nyingi waliambukizwa zaidi! Dawa ile ilichubua ngozi laini ya ndani, na penye mchubuko virusi hupata mlango. Kwa hiyo, mama zangu, msijioshe ndani kwa sabuni, limao wala dawa za kuuzwa mitaani. Hazikingi. Zinaweza kuumiza.

Kisha ikaja jeli nyingine, PRO 2000. Ilijaribiwa kati ya mwaka 2005 na 2009 kwa wanawake zaidi ya 9,000 wa Tanzania, Uganda, Zambia na Afrika Kusini. Hapa nchini ilijaribiwa Mwanza, kwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, nyumba za wageni na biashara ya chakula. Hakuna aliyepewa virusi. Wote walipewa kondomu na ushauri, na walipimwa.

Walijuaje kama dawa inafaa? Ninyi wakulima wa korosho mnafahamu. Ukitaka kujua kama salfa inazuia ubwiriunga, hupulizi shamba zima. Unapulizia mikorosho ya upande mmoja, mingine unaiacha. Kisha unalinganisha mavuno. Ukipulizia yote na mavuno yakawa mazuri, utajuaje kama ni salfa au ni hali ya hewa tu?

Ndivyo walivyofanya. Wanawake waligawanywa kama kwa kura. Wengine walipewa jeli yenye dawa, wengine jeli isiyo na dawa. Kwa macho zilifanana. Mwanamke hakujua amepata ipi, na mganga hakujua.

Jeli yenye dawa nyingi ilisimamishwa mwaka 2008, kwa kuwa haikuonyesha dalili ya kusaidia. Ile yenye dawa kidogo iliendelea. Desemba 2009 hesabu ikatolewa. Kati ya wanawake 3,156 waliotumia jeli yenye dawa, 130 waliambukizwa. Kati ya 3,112 waliotumia jeli isiyo na dawa, 123 waliambukizwa. Ni karibu sawa. Jeli haikukinga.

Je, wanawake wale walipoteza muda wao bure? Hapana. Bila wao, dawa isiyokinga ingeweza kuuzwa madukani. Watu wangeiamini, wakaacha kondomu, wakafa.

Kazi haikuishia hapo. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya pete laini yenye dawa iitwayo dapivirini. Mwanamke huiweka ukeni mwenyewe na kuibadilisha kila mwezi. Wanawake wa Uganda walikuwa miongoni mwa walioijaribu. Pete ilipunguza maambukizo: kati ya 10 ambayo yangetokea, ilizuia kama 3. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliikubali kuwa kinga ya kuongezea nyingine. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya sindano ya lenakapaviri, inayochomwa mara 2 kwa mwaka. Wasichana na wanawake vijana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliichomwa. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa katika jaribio hilo.

Nilimjibuje yule mama? Nilimwambia aende zahanati aulize kinga zilizopo sasa, pamoja na kondomu ya kike na vidonge vya kinga. Tena nikamwomba aje na mumewe wapime pamoja. Mwenye virusi akimeza dawa kila siku kama alivyoagizwa, na kipimo kikaonyesha virusi havionekani tena katika damu, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Baba zangu, mke akitaja kondomu hajakutukana. Anataka mbaki hai wote wawili, mlee watoto wenu.

Na mtu akikuletea dawa ya UKIMWI, muulize: Imepimwa wapi? Kwa watu wangapi? Ililinganishwa na nini? Asipojibu, usinunue.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini wanawake wengine walipewa jeli isiyo na dawa?
2. Jeli ya Mwanza haikukinga. Jaribio lilitusaidia nini?
3. Mume na mke wafanyeje ili waweze kuzungumza juu ya kupima bila ugomvi?