Hesabu Miti Yako Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Leo tunazungumza na wenzetu wa Wilaya ya Rungwe, hasa ninyi mnaolima karibu na mji wa Tukuyu, Kyimo, Ushirika, na kandokando ya barabara kuu inayotoka Uyole kwenda Kasumulu. Huko miji inapanuka. Leo linapimwa eneo la shule, kesho la zahanati, keshokutwa la barabara. Na Rungwe, kama mjuavyo, kiwanja kitupu ni shida kukipata. Kila mahali ni migomba, kahawa, chai, miparachichi na mikaratusi.

Sasa tingatinga likiingia asubuhi, jioni shamba limekuwa udongo mtupu. Ukisema hapa palikuwa na miparachichi arobaini, nani ataiona?

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Fidia hiyo si ya nyumba peke yake. Miti na mazao ya kudumu nayo ni mali. Bei hupangwa na mthamini; kazi yako ni kuhakikisha kila mti umeandikwa.

Haya, tunafanyaje? Chukua daftari na chokaa. Anzia pembe moja ya shamba, uende kwa mistari, usizungukezunguke. Mti uliokwisha kuhesabu upake chokaa, usije ukauhesabu mara mbili au ukauruka. Mparachichi wa kubebeshwa usiuchanganye na wa kienyeji, wala unaozaa usiuchanganye na mche wa mwaka jana. Kahawa hesabu kila shina. Migomba nayo andika mashina, na kando yake idadi ya migomba katika kila shina. Chai pima eneo lake.

Miti ya mbao inataka kipimo. Zungushia kamba kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, halafu gawanya urefu wa kamba kwa 3.14. Kamba ikiwa sentimita 157, mti una unene wa sentimita 50. Kwenye mteremko, na Rungwe ni miteremko mitupu, pima ukiwa upande wa juu wa mti.

Kazi hii usiifanye peke yako. Mwite jirani mnayepakana naye na mwenyekiti wa kitongoji, waweke sahihi. Na bwana, mama watoto awepo! Mara nyingi yeye ndiye anayelijua kila shina la kahawa, na fedha ikija ni ya nyumba nzima.

Mthamini akifika, tembea naye na daftari lako mkononi. Fomu isiyojazwa usiitie sahihi, hata ukiambiwa kwamba gari linasubiri. Zikitofautiana hesabu, hesabuni upya pale pale. Lakini usikimbilie kuchomeka miche usiku baada ya tarehe ya mwisho kutangazwa. Hailipwi, na itakuharibia hata hesabu yako ya kweli.

Ziandike vilevile tarehe. Kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, malipo yakipita miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, yanadaiwa pamoja na riba. Ikipita miaka miwili, uthamini unarudiwa.

Jambo moja zaidi. Si kila mti ulio katika eneo la ujenzi lazima ukatwe. Mvua ya Tukuyu mnaijua. Miti iliyo kwenye mteremko juu ya jengo inashika udongo, na ikiondolewa yote, maji yatakuja na tope mpaka mlangoni. Muulize mpimaji ni ipi hasa iliyo ndani ya mistari ya msingi. Inayobaki ifungeni kitambaa chekundu, na siku ya kuanza kazi uwepo mwenyewe, umwoneshe dereva kabla hajawasha mtambo.