Hotuba ya Mama Mwenyekiti: Siku ya Tatu Mpe Jembe



Leo kikundi chetu kinatimiza miaka 10. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Tulianza na shilingi 50 kwa wiki na daftari moja. Habari za pesa mtazisoma kwa ripoti ya mweka hazina. Sisi tunataka kusema juu ya amani, na juu ya wasichana wetu.

Hapa Molo vita hatukuvisikia kwa redio. Mwaka 1992 wengine wetu tulikuwa maharusi wapya, tukakimbia na sufuria kichwani. Mwaka 1997 vikaja tena. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi nzima iliona: watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Ndiyo sababu tulipoanza tulisema kila kabila liwe ndani, na sanduku liwe na kufuli 3. Funguo 3 ziko katika nyumba 3 za makabila tofauti. Ni vigumu kuchoma nyumba ya mtu aliye na ufunguo wa akiba yako!

Haya yalifanywa na wenzetu kabla yetu. Kule Wajir, koo zilianza kupigana mwaka 1992, hata sokoni mwanamke wa ukoo huu hakuweza kuuza mbele ya wa ukoo ule. Mwaka 1993 kina mama wakaketi pamoja, wakachagua wenzao wa kuangalia soko, ili kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo. Katika kazi hiyo alikuwako marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa mwaka 1964. Hebu pigeni hesabu: hakuwa ametimiza miaka 30! Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na mapema 2008 alikuwa Nairobi na wenzake wakitafuta amani ya nchi yetu. Kina mama wa Wajir hawakumwambia angoje mpaka aote mvi.

Sasa turudi kwetu, tuseme ukweli ingawa unauma.

Agosti 2022, watu wakingoja matokeo ya kura, ujumbe uliingia kwa simu: ati usiku huu watakuja kuchoma. Ulikuja na picha ya nyumba inawaka. Sisi wazee tukaanza kufunga virago. Lakini mabinti wetu wawili, mmoja wa upande huu wa barabara na mwingine wa upande ule, wakapigiana simu. Wakaitafuta ile picha, wakakuta ni ya mwaka 2008. Basi wakatembea pamoja nyumba kwa nyumba wakiwaonyesha watu. Usiku ule tulilala.

Wiki iliyofuata kukawa na mkutano wa amani. Mezani walikaa nani? Sisi. Na wale mabinti? Walikuwa jikoni, wanapika chai. Baadaye tukawauliza mbona hawakusema neno. Mmoja akajibu, "Mama, hatukujua tumealikwa kusema."

Neno hilo lilituchoma. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio nambari 1325, kwamba wanawake wawepo pale amani inapozungumzwa. Sisi tulilishangilia. Kumbe tunadai kiti kwa wanaume, na huku tunawanyima binti zetu kigoda! Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa nasi mwaka wa 4, na jembe hatukuwapa.

Tangu siku hiyo kila mama wa kamati alichukua binti wa kumlea katika kazi. Kwanza anafuatana nasi tukienda kusuluhisha ugomvi, iwe ni wa mpaka wa shamba au wa foleni ya maji, anasikiliza. Mara ya pili yeye ndiye anasema, sisi tunakaa kando yake. Mara ya tatu anaenda na mwenzake, na sisi tunangoja nyumbani. Hiyo ya kungoja ndiyo ngumu! Nao walitufundisha kutotuma ujumbe wa simu kabla ya kuuliza umetoka wapi.

Mwanachama mmoja alisema, "Hawa wataolewa, waende na siri za sanduku." Tukamjibu: hata sisi tuliolewa, tukaja hapa na yale tuliyofundishwa na mama zetu. Binti akiolewa ng'ambo ya barabara, ataamka na amani yake huko.

Basi leo, mbele yenu nyote, ufunguo mmoja kati ya zile 3 unatoka mkononi mwa mzee na kuingia mkononi mwa mmoja wa mabinti wale wawili. Mwenzake ataandika daftari. Wakikosea tutawarekebisha, kama sisi tulivyokosea tukarekebishwa. Lakini ufunguo hatutauchukua tena.

Na chai ya leo, mabinti zetu, kaeni. Wazee tutapika.