Mzabuni Mdogo Ndiye Anayeikopesha Serikali



Nimepewa dakika kumi nizungumzie mitaji. Nitamzungumzia kijana mmoja tu, yule anayeiuzia serikali bidhaa: mahindi ya shule, karatasi za ofisi, sabuni za zahanati. Huyu kila mtu anamwona ana bahati. "Umepata tenda ya serikali, umeula!" Haya, tupige hesabu tuone kaula nini.

Sisi ni kikundi cha vijana saba. Tulipata LPO ya kupeleka magunia 100 ya mahindi na 30 ya maharage kwenye shule moja ya bweni, thamani shilingi milioni 15.5. Mahindi tulinunua 70,000 gunia, maharage 200,000. Hapo ni milioni 13. Lori na vibarua 800,000. Faida kwenye daftari ikawa milioni 1.7. Kuna kodi ya zuio, asilimia 2 kwa bidhaa zinazouzwa serikalini, 310,000, inakatwa juu kwa juu. (Najua inahesabiwa kwenye kodi ya mwaka. Lakini siku ile mfukoni haipo.) Inabaki 1,390,000.

Hela ya kununulia mzigo ilitoka wapi? Benki tulikwenda na LPO yenye muhuri. Ofisa mikopo akaisoma vizuri, akauliza, nyumba mnayo? Hati ya kiwanja? Hatuna. Akasema hiyo karatasi inamwonyesha kwamba tutalipwa, haimwonyeshi lini. Simlaumu, hata mimi nisingetoa. Tukachanga akiba zetu, na milioni 10 tukakopa kwa mkopeshaji wa mjini kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, dhamana pikipiki mbili za wenzetu. Riba peke yake ni 300,000 kila mwezi. Mwezi wa tano imefika 1,500,000. Hapo faida imekwisha, tumeanza kula mtaji.

Leo ni mwezi wa nane. Mahindi yalishaliwa, na walioyala wameshamaliza mtihani wa kidato cha nne. (Kicheko.) Mnacheka, lakini pikipiki moja imeshachukuliwa, na mwenyewe alikuwa analisha watoto wawili kwa hiyo hiyo.

Tena risiti ya EFD tuliambiwa tuitoe kwanza ndipo madai yapelekwe. Risiti ikishatoka, TRA wameshaona mauzo. Kwa hiyo kwa upande wa kodi sisi tumeuza, kwenye akaunti yetu hakuna kitu. Serikali ile ile!

Mtaniambia sheria ya ununuzi inatutengea asilimia 30 sisi vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini tumetengewa zabuni, hatukutengewa tarehe ya kulipwa. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kungoja miezi nane. Sisi hatuwezi. Matokeo yake wengine wanapata LPO halafu wanamwachia tajiri apeleke mzigo, wao wanapewa cha juu kidogo. Tunawajua.

Na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu? Haina riba, na hiyo ndiyo dawa hasa. Ila mwaka 2023 ilisimamishwa, ikarudi 2024, na maombi yake yana vikao vyake. LPO yetu ilitupa siku 14.

Hili si jambo la shule moja. Ripoti za CAG zimeandika madeni ya wazabuni mwaka baada ya mwaka. Wazabuni wa vyakula shuleni waliwahi kusubiri miaka, wakiambiwa madeni yanahakikiwa. Uhakiki mzuri tu, lakini mkopeshaji hahakiki, anakuja na karandinga.

Wakijibu kwamba fungu halijashuka kutoka Hazina, sisi tuulize: fungu halipo, LPO imetolewa ya nini? Madiwani wetu waibane halmashauri hapo. LPO isitoke bila hela kutengwa. Siku ya malipo iandikwe kwenye LPO yenyewe, ikipita riba iwe juu ya aliyechelewesha. Mbona sisi tukichelewesha kodi tunatozwa? Na ile asilimia 10, sehemu yake iwekwe kwa kikundi chenye LPO mkononi, halmashauri ijikate yenyewe malipo yakitoka. Hela inatoka kwao inarudi kwao.

Nimebakiwa na dakika moja. Mwenye LPO ambayo haijalipwa alete nakala, pamoja na hati ya kupokelewa mzigo na risiti ya EFD, kwa katibu pale mezani. Majina ya vikundi tutayaficha kama mnaogopa kunyimwa zabuni nyingine. Baraza la madiwani linakaa mwezi ujao, tunataka waingie na jumla ya deni la wilaya hii, kata kwa kata. Ya kwetu nimeshaiweka, ni ya kwanza kwenye faili.