MSITU WA JAMAA USIKATWE MAPANDE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee wa jamaa, mama na vijana wa Butembo na Beni)



Nimeombwa niseme juu ya misitu, na najua wengi wenu mlidhani nitasema juu ya Parki ya Virunga na ngagi wake. La. Ngagi wanao wasemaji wengi. Mimi nitasema juu ya ule msitu mdogo ulio nyuma ya nyumba ya baba yako, ambao hakuna mgeni aliyepata kuupiga picha. Hekta moja, nusu hekta, pengine mistari kumi tu ya mikalitusi juu ya kilima. Huo ndio unaopika maharagwe ya mji huu. Huo ndio uliochoma matofali ya nyumba zenu, ukatoa nguzo za paa na makala ya sokoni, na mwezi wa Septemba ukalipa minervali ya watoto. Tukiupoteza, hatutakuwa na pa kushika.

Nao twaupoteza. Haupotei kwa moto wala kwa wadudu. Unapotea siku ya tatu baada ya maziko. Mzee amekufa, watoto ni wanane, msitu ni hekta moja. Wanakaa, wanapima kwa hatua, kila mmoja anachukua kipande chake. Wa kwanza ana deni, anauza miti yake yote ikiwa bado michanga. Wa pili anaona jirani yake amekwisha kuuza, naye anaogopa kuibiwa, anauza. Wa tatu yuko Goma au Kampala, anauza kwa simu. Baada ya miaka miwili kilima ni uwanja wenye vibao vya «parcelle à vendre», na wanane wote wananunua makala sokoni kama watu wasiopata kuwa na baba.

Ndugu zangu, wazee wetu walikuwa na akili zaidi katika jambo hili. Zamani, mtu aliyepewa ardhi na mwenye kilima alimletea mbuzi wake, na kwa mbuzi yule kila mtu alijua nani yuko wapi na kwa haki gani. Sisemi turudi nyuma. Desturi ile ilikuwa na uonevu wake pia, na wakulima wengi walitolewa mashambani kwa sababu mbuzi alichelewa. Lakini ilijua jambo moja ambalo sisi tunalisahau, kwamba ardhi hushikwa na ukoo mzima, walio hai na watakaozaliwa, na mtu mmoja hana ruhusa ya kuimaliza.

Sasa sikilizeni habari ya sheria, maana hapa ndipo wengi wanapolala usingizi.

Tarehe 1 Julai 1885 Bulamatari wa Mfalme Leopold II alitangaza kwamba ardhi isiyo na mtu ni mali ya Serikali. Isiyo na mtu! Shamba lililopumzishwa, msitu wa dawa, mahali pa kuwinda, yote kwa macho yake yalikuwa hayana mwenyewe kwa kuwa hakuona nyumba ndani. Tarehe 21 Aprili 1925 Wabelgiji wakaanzisha Parki Albert, ambayo leo ni Virunga, na watu waliokuwa wakilima na kuvua katika bonde la Semliki na kando ya ziwa wakajikuta wageni kwao. Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960. Tukashangilia. Kisha ikaja sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, ikaja na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema kwamba udongo wote ni mali ya Dola peke yake. Juu ya ardhi za wenyeji sheria hiyo iliahidi amri ya Rais itakayoeleza haki zao. Miaka arobaini ikapita na zaidi, watoto wakazaliwa na kuzeeka, amri ile haijatoka. Bendera ilibadilishwa, wimbo wa taifa ukabadilishwa, lakini kanuni ya Leopold ilivaa kofia mpya tu.

Hata hivyo msikate tamaa, maana ndani ya sheria hizohizo imo milango. Kanuni ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema, katika kifungu cha 7, misitu ni mali ya Dola. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Wageuze ukurasa! Kifungu cha 8 kinasema msitu wa asili au wa kupandwa ulio ndani ya kiwanja kilichotolewa kwa kufuata sheria ni wa mwenye kiwanja. Kifungu cha 9 kinasema miti iliyo kijijini, au katika shamba la watu wengi au la mtu mmoja, ni mali ya kijiji au ya mwenye shamba. Basi mtu akija na karatasi ya ushuru akikuambia miti ya shambani mwako ni ya Serikali, mwombe kwa heshima akusomee kifungu cha 9.

Lakini mlango huohuo una kisu nyuma yake. Sheria ya 1973 inasema kwamba mtu akiisha kupata hati ya kusajiliwa kwa kiwanja, ile waiitayo «certificat d'enregistrement», ikipita miaka 2 hati hiyo haipingwi tena. Mnaelewa maana yake? Mtu mwenye dola na rafiki katika ofisi aweza kupimisha kilima chako wakati wewe uko sokoni, akanyamaza miaka 2, kisha akaja na askari. Wewe utasema babu alipanda. Hakimu atauliza karatasi. Kwa hiyo nasema wazi: jamaa yenye msitu ikapime mipaka yake, ikaweke alama, iandike mapatano na majirani wa pande zote nne mbele ya chifu na mashahidi, na ikianza kupata nguvu ya fedha, iombe hati. Kwa jina la nani? Si kwa jina la kaka mkubwa peke yake. Tumeona kaka wakubwa.

Wale wenye misitu mikubwa ya asili, kule Bapere na Batangi, wanao mlango mwingine. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba msitu wake uwe wao daima dumu, bila kununua, mpaka hekta 50,000, na maagizo ya kuutunza yalitolewa mwaka 2016. Na kabla ya amri hiyo kuwako, machifu wa Batangi na Bamate walikwisha kutenga msitu wao wa Tayna mwishoni mwa miaka ya 1990, wakaulinda wenyewe. Mwaka 2006 Serikali iliukubali kuwa hifadhi. Liwe funzo kwa wanaosema Mwafrika hajui kutunza mpaka asimamiwe. Na wakati wenyewe ni huu, maana mwezi wa Januari 2025 Serikali ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu mpaka Kinshasa, zaidi ya kilomita za mraba 540,000. Wamesema ni kwa faida ya wenyeji. Vema, tunapokea. Lakini ramani ikichorwa, afadhali jina lako liwemo tayari kuliko kuja kuliombea nafasi.

Turudi nyumbani. Nani atarithi? Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987 haina mafumbo: watoto wote ni warithi wa daraja la kwanza, wa kiume na wa kike sawasawa, na sehemu yao ni robo tatu ya urithi. Mjane naye ana haki. Najua baadhi ya wazee hapa mbele wameanza kukohoa. Kohoeni, lakini sheria ndiyo hiyo. Na mkitaka sababu nyingine kuliko sheria, tazameni ni nani aokotaye kuni, ni nani apaliliaye miche, ni nani ajuaye kila kisiki. Msitu usiokuwa na neno la mama ndani yake huuzwa upesi.

Kugawana faida si lazima kugawana ardhi. Msitu ubaki mmoja. Jamaa ichague watu watatu, mmoja wao mwanamke, waweke daftari. Miti ikatwe kwa zamu: ukiwa na mafungu saba, kata fungu moja kila mwaka, na ukifika la saba, la kwanza limekwisha kuwa tayari. Fedha zigawanywe kwa vichwa. Hapo wanane wote wana msitu mzima, na hakuna mwenye kipande.

Mkalitusi hukubali zamu hii kwa sababu kisiki chake huchipuka. Lakini kisiki chaweza kuuawa, na wengi wanakiua. Mtu anakata kwa panga butu, juu magotini, gome linachanika mpaka chini, maji yanatuama, kisiki kinaoza. Kata chini, kama upana wa kiganja kutoka ardhini, kwa msumeno mkali, mlalo uinamie upande mmoja ili maji ya mvua yateremke. Machipukizi yakitoka ishirini, acha yashindane mpaka yafike kimo cha mtu, kisha ondoa yote isipokuwa mawili au matatu yenye nguvu. Kisiki kilichotunzwa hivi hutoa mavuno mara tatu au nne. Kilichoharibiwa kinakurudisha dukani kununua miche.

Na makala nayo! Tanuri la udongo lililofunikwa kwa haraka, kwa kuni mbichi, hutoa pengine kilo 10 au 15 za makala katika kilo 100 za kuni. Nyingine zote ni moshi. Kuni zikikauka vizuri na tanuri likiwa na bomba na mlinzi asiyelala, hufika 20 na zaidi. Mradi wa EcoMakala, ulioanza katika Kivu ya Kaskazini mwaka 2007, uliwaonyesha wakulima kupanda kuni katika mashamba yao wenyewe ili miti ya Parki isiguswe. Kazi ile ilikuwa njema.

Nisiwafiche: mkalitusi si malaika. Hunywa sana. Palipo na chemchemi, mbali nao. Ng'oeni iliyo bondeni, pandeni miti ya kienyeji inayoshika maji, na majirani watakoma kugombana kiangazi. Na kama msitu wako una mti ule ambao wanunuzi wa magome huuita pijeumu, tulia kabla ya kuuza. Gome lake huenda Ulaya kutengenezwa dawa ya wazee wanaoshindwa kukojoa, na tangu 1995 biashara yake iko chini ya mapatano ya mataifa ya CITES. Mnunuzi mwenye haraka huuvua mti mzunguko mzima, nao unakufa umesimama. Mti ufike kwanza unene wa sentimita 30. Uvuliwe robo mbili zinazotazamana tu, kuanzia kimo cha mita moja mpaka tawi la kwanza, kisha upumzishwe miaka mingi. Asiyekubali masharti haya asipande kilima chako.

Haya si ndoto. Kule Shinyanga, Tanganyika ya zamani, nchi ilikuwa imebaki vumbi. Miti ilifyekwa kwa ajili ya mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba. Mwaka 1986 ulianza mpango wa HASHI, nao haukuleta jambo geni: uliwarudishia Wasukuma ngitili zao, yaani malisho yaliyofungwa, ya jamaa na ya kijiji. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa kijani. Nyingi hazikupandwa hata mche mmoja. Zilifungwa, zikalindwa, zikaota.

Neno zito nimeliacha mwisho. Tangu Oktoba 2014 ndugu zetu wa upande wa Beni wamechinjwa, na waliobaki wamekimbilia Butembo na miji mingine, wakiacha kakao na misitu yao bila mwenyewe. Wako watu wanaokata mbao katika misitu hiyo ya wakimbizi na kuzipitisha hapa hapa. Anayenunua mbao hizo anajua zimetoka wapi. Na sisi tulio na misitu karibu na mji, tumewapokea ndugu hawa, nao wanahitaji kuni leo, hawawezi kungoja miaka saba. Nashauri kila jamaa itenge fungu moja la matawi na vijiti kwa wageni wake, na majina ya misitu iliyoachwa, pamoja na mipaka yake, yaandikwe sasa wakati wazee wanaoijua wangali hai. Meza iko pale mlangoni, na katibu ana daftari. Waliotoka Oicha, Mbau na Eringeti waanze, kisha wengine tufuate.