MWAMBA NGOMA HUVUTIA KWAKE
Habari za Sehemu ya 12 ya Uchaguzi katika North Carolina

Kila mtu aliyelelewa shambani anajua ya kuwa magomvi ya jirani na jirani mara nyingi huanzia mpakani. Jiwe la mpaka likisogezwa hatua tatu usiku, asubuhi mmoja ameongezewa shamba na mwingine amepunguziwa, wala hakuna aliyenyoosha mkono kumpiga mwenzake. Leo nataka kuwasimulia habari za mpaka wa namna nyingine. Mpaka huo hauna jiwe wala mti, nao umechorwa juu ya karatasi tu. Hata hivyo, kwa ajili yake watu walirudi mara kwa mara mbele ya mahakama iliyo ya juu kabisa katika nchi yao, tangu 1993 hata 2017.

Mpaka huo uko Marekani, katika jimbo la North Carolina, nao ni mpaka wa sehemu ya 12 ya uchaguzi wa Bunge la nchi hiyo.

Kwanza yafaa tufahamu desturi ya Wamarekani. Baraza lao la Wawakilishi lina wajumbe 435. Kila baada ya miaka 10 watu wote huhesabiwa, na kila jimbo hupewa wajumbe kwa kadiri ya wingi wa watu wake. Kisha jimbo hugawanywa katika sehemu, na kila sehemu humchagua mjumbe mmoja. Mwaka 1964 Mahakama Kuu iliamua kwamba sehemu hizo hazina budi kuwa na idadi ya watu iliyo sawasawa kadiri iwezekanavyo, ili kura ya mtu wa mjini isipungue uzito kuliko kura ya mtu wa shamba. Kwa kuwa watu huzaliwa, hufa na huhama, mipaka nayo lazima ichorwe upya.

Lakini ni nani anayeishika kalamu? Katika majimbo mengi ni wajumbe wa baraza la jimbo lenyewe, yaani watu wa vyama, ambao wao au wenzao watasimama katika uchaguzi. Wahenga wetu walikwisha kusema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Sasa tuitazame sehemu ya 12. Kati ya 1943 na 1963 nambari hiyo ilikuwa ya nchi ya milima, upande wa magharibi, karibu na mji wa Asheville. Baada ya hesabu ya watu ya 1960 jimbo lilipunguziwa wajumbe wakawa 11, na sehemu ya 12 ikatoweka. Hesabu ya 1990 ikaongeza mjumbe mmoja, na nambari ile ikarudi, lakini mahali pengine kabisa na kwa umbo ambalo halijapata kuonekana.

Ili kufahamu sababu ya umbo hilo yatupasa kurudi nyuma. Mwaka 1901 Bwana George Henry White, mtu mweusi aliyekuwa mjumbe wa North Carolina, alimaliza muda wake katika Bunge. Mwaka mmoja kabla ya hapo katiba ya jimbo ilikuwa imebadilishwa, na mtu hakuweza kupiga kura ila ajue kusoma na kuandika, na awe amelipa kodi ya kichwa. Masharti hayo yalitungwa kwa makusudi ya kuwafungia watu weusi mlango, nao ukafungwa kweli. Tangu 1901 hata 1992 jimbo hilo halikupeleka hata mjumbe mmoja mweusi Bungeni. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule aliweza kukua, kuzeeka na kuzikwa pasipo kumwona.

Mwaka 1965 ilitungwa sheria ya kulinda haki ya kupiga kura. Kwa sheria hiyo, kaunti 40 kati ya kaunti 100 za North Carolina hazikuruhusiwa kubadili mambo ya uchaguzi bila idhini ya Serikali ya nchi, na utaratibu huo ulidumu hata 2013. Basi baada ya hesabu ya 1990 baraza la jimbo lilichora ramani yenye sehemu moja tu ambayo watu weusi walikuwa wengi, ingawa katika kila watu wazima 10 wa jimbo lile wawili walikuwa weusi. Serikali ikaikataa. Wajumbe wakachora nyingine yenye sehemu mbili, na ya pili ndiyo sehemu ya 12.

Umbo lake lilikuwa la ajabu. Ilikuwa na urefu wa maili 160 hivi, ikifuata barabara kuu nambari 85 kama nyoka, ikiokota mitaa ya watu weusi mjini Durham, mjini Greensboro, mjini Charlotte na kwingineko. Mahali pengine upana wake haukuzidi upana wa barabara yenyewe. Mjumbe mmoja wa baraza la jimbo alifanya mzaha, akasema kuwa mtu akiendesha gari katika barabara hiyo na milango miwili wazi, atawaua wapiga kura karibu wote. Lakini katika uchaguzi wa 1992 sehemu hiyo ilimchagua Bwana Mel Watt, na sehemu ya kwanza ikamchagua Bibi Eva Clayton, wote wawili watu weusi. Ukimya wa miaka 91 ukakoma.

Wakazi watano wa Durham, watu weupe, wakashtaki. Walisema si haki kuwatenga raia kwa rangi zao, hata ikiwa nia ni njema. Mwaka 1993 Mahakama Kuu, kwa waamuzi 5 dhidi ya 4, iliwapa nafasi ya kuendelea na shauri lao. Wale wanne walijibu kwamba watu weupe hawakunyang'anywa kitu, maana walibaki wengi katika sehemu 10 kati ya 12. Ndugu zangu, pima maneno hayo mawili bila haraka, maana kila moja lina uzito wake. Mwaka 1996 mahakama iliivunja ramani ile. Mwaka 1997 ikachorwa nyingine, fupi zaidi, ambayo watu weusi hawakuwa tena wengi. Hiyo nayo ikashtakiwa, na mwaka 2001 mahakama ikaikubali, ikisema haikuthibitishwa kuwa iliongozwa na rangi kuliko siasa za vyama.

Je, shauri likaisha? Hasha. Mwaka 2011 chama kingine kilikuwa na wingi katika baraza la jimbo, nacho kikachora upya. Kati ya watu wazima wa sehemu ya 12, sehemu ya watu weusi ilipandishwa kutoka 43.8 hata 50.7 katika mia. Safari hii walionung'unika hawakuwa wale wa kwanza. Walisema kwamba watu weusi wanarundikwa mahali pamoja ili sauti yao isisikike katika sehemu za jirani. Mwaka 2016 mahakama ya chini iliikataa ramani hiyo, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikathibitisha hukumu hiyo. Sehemu ya 12 ikaacha barabara yake ndefu, ikakusanywa katika kaunti ya Mecklenburg, uliko mji wa Charlotte.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua, katika shauri lililotoka jimbo lilo hilo, kwamba mahakama za Serikali ya nchi hazina mamlaka ya kuhukumu ramani iliyopindishwa kwa faida ya chama. Rangi ikitumika kupita kiasi, hakimu aweza kusikiliza. Chama kikijipendelea, wananchi watafute dawa kwingine, katika sheria za majimbo na za Bunge.

Mabibi na Mabwana, katika habari hizi mtu mmoja aweza kuwa amekaa nyumba ile ile miaka yote, hakuhama hata hatua moja, na huku mpaka ukipita mbele ya mlango wake mara huku mara kule, na mjumbe wake akibadilika. Kura yake haikuibwa sandukuni. Uzito wake uliongezwa au ulipunguzwa kabla hajaipiga. Kwa hiyo mwananchi mwenye busara hangoji siku ya uchaguzi ndipo afumbue macho. Ramani inapotandazwa mezani huuliza: nani ameichora, kwa hesabu gani, na mbele ya mashahidi gani? Jiwe la mpaka huwekwa mchana, majirani wote wakitazama.